Njia ya Watu Wote

Mji ule ulikuwa na bahari, ila watu wake hawakuwa nayo. Waliisikia tu ikinguruma nyuma ya tuta, kama mtu anayezungumza chumba cha pili: sauti unaipata, maneno huyapati. Tuta lenyewe lilikuwa la mawe na udongo mwekundu, limepanda kupita mapaa ya nyumba, limeanzia kwenye majabali ya kaskazini na kwenda kuishia kule ambako hakuna aliyewahi kufika kwa miguu. Wenye viwanja vya chumvi ndio waliolijenga, nao walikuwa na cheti. Aliyewapa cheti naye alikuwa na cheti alichopewa na mwingine, na ukivifuata vyeti hivyo kimoja baada ya kingine unafika chumba ambacho hakina mtu, kina meza tu. Basi meza inaweza kumiliki bahari? Na kama haiwezi, kwa nini ilitiiwa miaka yote ile na watu wazima wenye miguu yao na macho yao?

Maji yalipokoma kuingia na kutoka, wakati nao ulikoma kwenda. Zamani watu wa pale walizijua siku kwa kujaa na kupwa, kwa bamvua, maji makubwa, na maji mafu, yale madogo. Mwanamke alijua mimba yake ina muda gani kwa kuangalia maji yameishia mkoko upi. Baada ya tuta kilibaki king'ora cha chumvini, kinacholia asubuhi na jioni kwa sauti ileile, na mikoko iliyokuwa upande wa ndani ilikauka ikiwa imesimama, mizizi yake juu kama vidole vya watu walioomba kitu wakasahau wameomba nini. Tope likapasuka vipandevipande. Watu wakaanza kukiita kila kilichopita "jana". Jana nilioa. Jana babu alikuja kutoka bara. Hakuna aliyecheka, maana hapakuwa na kitu cha kuitenga jana moja na nyingine.

Sihaba, mke wa Vuai, alisema hivyohivyo. "Jana nilimpoteza Tumu," alikuwa akisema, akimtaja binti yake wa pekee. Ilikuwa imepita miaka thelathini na mmoja.

Ilitokea hivi. Wakati wa mama zao, wanawake walishuka mikokoni na vikapu maji yakipwa, wakaokota kombe na kurudi kabla hayajajaa. Tuta lilipojengwa, ulibaki upenyo mmoja: bomba la saruji lililopita chini ya tuta kutoa maji ya viwanjani, pana kiasi cha mtu kupita kwa magoti. Upande wa ndani lilikuwa na mlango wa chuma ulioshushwa kwa mnyororo kutoka kibanda kilichokuwa juu kabisa. Saa za kuushusha zilijulikana. Wanawake wakazihesabu, wakawa wanapita humo kimyakimya, kwa sababu watoto hawali vyeti.

Siku ile Sihaba alikwenda na Tumu, mtoto wa miaka saba. Waliokota kidogo, wakageuka mapema, bahari bado iko mbali. Mama alitangulia bombani akivuta kikapu, mtoto akafuata nyuma akiimba ili asikie mwangwi wake. Sihaba alitoka, akageuka kumpa mkono, na mlango wa chuma ukashuka baina yao. Haikuwa saa yake. Wimbo uliendelea kidogo, kisha ukauliza, "Mama?"

Sihaba aligonga kwa mikono, kisha kwa jiwe. Akamwambia mtoto arudi nyuma atoke upande wa baharini, na Tumu akasema anaogopa giza, atasubiri hapohapo. Mama akapanda tuta mbio. Huko juu walinzi wawili walimshika, wakamwambia hakuna anayevuka bila cheti, na kibanda kimefungwa, ufunguo hawana. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa akilia huku amemshikilia. Maji yalijaa kwa saa yake, bila haraka, kama yanavyojaa siku zote.

Walimzika palepale bondeni, chini ya tuta kwa upande wa ndani, kwa kuwa Sihaba alikataa apelekwe mbali. Wakubwa wa chumvi walituma mtu kusema kwamba mlango ulishuka wenyewe, mnyororo ulikuwa na kutu. Bomba likazibwa kwa zege. Tangu hapo hakuna mwanamke wa mji ule aliyelikanyaga tope la bahari.

*

Mtu aliyefiwa anaweza kunyamaza, na anaweza kuandika barua. Sihaba hakujua kuandika, basi akaenda ngumbaru, akakaa na watu wazima wenzake kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, mpaka akaweza. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari miwili. Tunaomba njia ya kufika baharini. Iwe ya watu wote. Kila mwaka aliandika nyingine, na kila mwaka mistari ilikuwa ileile, maana hakupata cha kuongeza wala cha kupunguza. Aliipeleka kwenye ile ofisi yenye meza, akaiacha juu ya zile alizokuwa ameziacha.

Mumewe hakuwahi kumzuia. Vuai alikuwa mtu wa maneno machache, mikono mikubwa, amefanya kazi chumvini tangu ujana wake mpaka viwanja vyenyewe vilipokufa na wakubwa wakaondoka wakiliacha tuta kama mtu anavyoacha viatu vibovu. Mkewe akiandika, yeye alimshikia taa ya kandili. Akimaliza, aliuliza tu, "Umeandika yaleyale?" Naye alijibu, "Yaleyale, Baba Tumu."

Kisha siku moja asubuhi akaja mwanamke aliyevaa buti za mpira, amebeba chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Alisema jina lake ni Mgeni, ni mpima ardhi, na ametumwa kuhusu barua.

"Ipi?" aliuliza Sihaba.

"Zote, Mama. Nimezisoma zote thelathini."

Sihaba alimtazama usoni, na uso ule haukutulia. Ukiinama ulikuwa wa mtoto wa miaka saba, ukiinuka ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini na nane, na baina ya kuinama na kuinuka ilipita miaka yote ambayo Tumu hakuipitia: kuvunja ungo kwake, ndoa yake, mvi yake ya kwanza juu ya sikio la kushoto. Sihaba alijua fika kwamba huyu si mwanawe. Alijua pia kwamba mwanawe angekuwa hivi. Akamkaribisha mkekani, akamkorogea uji, akauweka mbele yake na kukaa kumwangalia anavyokunywa.

Mgeni alieleza taratibu, akichora kwa kidole sakafuni. Zamani mikoko ndiyo iliyokuwa ikiyavunja mawimbi, ila tuta likajengwa mbele yake. Sasa mawimbi yanalipiga tuta lenyewe, na tuta limeanza kuliwa chini. Litaanguka, kama si mwaka huu mwakani, na likianguka lenyewe litaangukia mji. Dawa yake ni kulifungua kwa makusudi mahali pamoja, maji yaingie na kutoka kama zamani, tope lilainike, mikoko ipandwe upya. Na juu ya tope hilo itajengwa njia ya mbao, kutoka sokoni mpaka ufukweni, isiyo na mlango wala mlinzi.

"Ya watu wote," alisema Sihaba.

"Ya watu wote. Tumeyaandika maneno yako kama yalivyo."

Sihaba hakutabasamu. Aliona kidole cha yule binti kimesimama sakafuni na hakitaki kuendelea.

"Mahali penyewe pa kufungua ni wapi, mwanangu?"

"Pale mkondo wa zamani ulipopita. Penye bomba." Mgeni aliondoa kidole. "Nimepima mara tatu, Mama. Tukifungua kaskazini maji hayafiki mikokoni, na njia itaishia kwenye tope kavu. Hakuna pengine. Lakini pale pana kaburi moja, na ndugu wa marehemu wasipotia sahihi, kazi haianzi. Tunaweza kumhamisha. Tutafanya kwa heshima zote."

"Na akiachwa?"

"Maji yatakuwa juu yake mara mbili kila siku."

*

Vuai alisikia habari hizo akiwa mlangoni, na mchana, Mgeni alipokwisha kuondoka, aliingia jikoni alipokuwa mkewe akimenya mihogo. Karatasi ilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama Tumu, usitie sahihi."

"Nami nafikiri hivyo," alisema Sihaba. "Nikitia, nimempa maji yaleyale. Nisipotia, nimewafungia wengine mlango. Nimekaa tangu asubuhi nikijiuliza ni nani aliyenitafutia swali hili."

"Sisemi kwa ajili ya kaburi." Vuai alikaa chini sakafuni, jambo ambalo hakulizoea, kwa sababu ya magoti yake. "Wewe waache waende zao. Tuta libaki."

"Tuta? Wewe unalilia tuta?"

Alisugua magoti yake. Kisha akasema, "Siku ile sikuwa viwanjani. Nilikuwa kwenye kibanda cha gurudumu la kuzungushia mnyororo. Mlango wa chuma niliushusha mimi."

Sihaba aliendelea kumenya. Kisu kilikwenda kwenye muhogo kama kilivyokuwa kikienda.

"Nani alikwambia ushushe?"

"Msimamizi. Alisema wanakuja wakubwa kutazama, wanataka viwanja vikavu. Nikashusha kabla ya saa yake."

"Uliangalia bombani kwanza?"

"Hapana."

"Ulijua tunapita humo."

"Nilijua mnapita. Sikujua kwamba siku ile mmepita." Aliitazama mikono yake. "Lilikuwa jepesi, lile gurudumu. Hilo ndilo linaloniua. Lingekuwa zito, lingenigomea japo kidogo, ningeshuka kutazama kumekwama nini. Lilizunguka kama jipya. Nikaenda ofisini kusema nimekwisha kushusha, wakanipa kikombe cha chai, nikakaa nao nikinywa mpaka maji yakajaa. Niliposikia kelele nilikuwa bado nimeshika kikombe."

"Na tuta?"

"Miaka yote hii nimejiambia, angalau tuta lipo. Mtoto ameondoka, lakini kuna kitu kimesimama. Wakilibomoa, wakasema halikupaswa kuwapo tangu mwanzo, mimi nitakuwa nimeufunga ule mlango kwa ajili ya nini?"

Sihaba aliweka kisu chini.

Alikuwa ameshikwa na jambo dogo. Siku ile. Wakati wanamtoa. Watu walikuwa wakiulizana ufunguo wa kibanda uko wapi, mnyororo unavutwa upande gani. Vuai hakuuliza. Alipanda moja kwa moja. Alijua. Yeye ndiye aliyeuinua mlango, yeye ndiye aliyeingia bombani kwa kifua, yeye ndiye aliyetoka na mtoto, na mimi nikambusu mikono, nikasema Mungu amlipe baba huyu. Nilimbusu mikono. Miaka thelathini na mmoja nimekula na mikono hii sahani moja. Imenishikia taa. Nimeandika kwa mwanga wake bila kumjua aliyefunga.

Ni nani anayefunga bahari? Aliyekata shauri hakuwahi kuuona mlango. Aliyeuona mlango hakukata shauri. Katikati yao kuna gurudumu jepesi, na mtu mwema anayetii, na kikombe cha chai. Sihaba alikuwa amemtafuta adui wake katika kila uso wa ofisi ile, akamwazia mwili na sauti na meno, naye alikuwa amelala upande wa ukutani wa kitanda chake, akikohoa kila kusi ikivuma.

"Vuai," alisema. Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Ondoka hapa jikoni."

Akaondoka. Kesho yake asubuhi Sihaba alikwenda kwa Mgeni na karatasi ikiwa na sahihi.

"Na kaburi, Mama? Tumhamishe?"

"Alikuwa anarudi nyumbani," alisema Sihaba. "Amefika mahali alipofika. Simtoi tena. Safari hii maji ndiyo yatakayomfuata yeye, na yatakuta pako wazi."

Mgeni aliipokea karatasi kwa mikono miwili. 

*

Kazi ilichukua misimu miwili. Katapila lilikuja na kulichimba tuta kutoka juu kwenda chini, na kila siku anga ya mji iliongezeka kidogo upande ule. Mafundi walisimika nguzo za njia na kupigilia mbao. Wanawake walichaguliwa kutunza miche ya mikoko, wakaipanga kivulini kwenye vifuko vya nailoni, na Sihaba alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi vizuri. Alirudi nyumbani, akapika, akapakua sahani mbili na kuziweka mbalimbali. Hakumfukuza mumewe na hakuzungumza naye. Vuai alihamishia mkeka wake barazani bila kuambiwa. Majirani walidhani ni joto.

Siku ya bamvua, saa nne asubuhi, katapila liliondoa ukingo wa mwisho. Hapakuwa na hotuba ndefu. Mji mzima ulikuwa umesimama mwanzo wa njia, wazee kwa watoto, na wengi wao hawakuwa wameiona bahari maishani mwao. Waliona kwanza mstari mwembamba unaong'aa, kisha mstari ukawa ulimi, na ulimi ukaingia bondeni ukilamba nyufa za tope moja baada ya nyingine, ukitoa sauti ya kitu kinachonyonya.

Na maji yalipoingia, wakati uliingia nayo. Watu walianza kuulizana umri. Mwanamume mmoja alishika ndevu zake akashangaa ni nyeupe. Dada wawili waliokuwa wakiitana watoto waliangaliana, wakaona bibi wawili. Sihaba aliisikia miaka thelathini na mmoja ikimfikia yote kwa pamoja, ikamkalia mabegani na kiunoni, na akaelewa kwamba haikuwa jana. Ilikuwa zamani sana. Sauti iliyouliza "Mama?" ilikuwa mbali, na ilizidi kwenda mbali kadiri maji yalivyopanda. Alikuwa ameyaomba haya kwa barua thelathini. Hakuna aliyemwambia kwamba njia ikifunguliwa, huzuni nayo itaitumia kuondoka, na kwamba yeye atataka kuikimbilia kuishika nguo.

Watu walimiminika njiani. Wasichana walivua viatu wakateremka ngazi, wakazama mpaka vifundoni, wakacheka kwa uchafu wa tope. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alisimama kando akiwa hajui aombe ruhusa kwa nani, kisha akashuka. Mgeni alimkaribia Sihaba, akauliza kama angependa jina la mtoto liandikwe kwenye ubao wa kwanza. Sihaba akasema hapana, watu watalikanyaga.

Wote walipokwisha kupita, alibaki Vuai. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, ameshika kofia mkononi. Alikuja mpaka pale mbao zilipoanzia, karibu na alipokuwa mkewe, akasimama bila kuzigusa.

"Nataka kwenda pale alipo," alisema. "Nisimame naye maji yakifika. Lakini siwezi kupita hapa mpaka wewe uniruhusu."

Sihaba alitazama njia. Ilikuwa na upana wa watu wawili. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na mlango mkononi, na mtu mbele yake anaomba, na neno moja lilitosha kuushusha. Alilipima neno lile mdomoni. Lilikuwa jepesi. Akajua jinsi gurudumu lilivyokuwa siku ile, na kujua huko kulimuumiza kuliko chuki, kwa sababu chuki alikuwa ameizoea.

Barua thelathini aliandika "ya watu wote", na hata mara moja hakuandika "isipokuwa mmoja".

"Usiniombe mimi," alisema. "Si yangu."

Vuai alipita. Alitembea kwa miguu mitupu, akishika kamba ya pembeni, mpaka mkabala wa kaburi, akateremka topeni na kusimama. Sihaba hakumfuata. Alitaka kwenda, miguu ikakataa kwenda mahali ambapo angelazimika kusimama ubavuni mwa mtu yule, na hakukuwa na pengine pa kusimama. Hivyo alirudi nyumbani, peke yake, mji wote ukiwa baharini.

Vuai alirejea alasiri. Kanzu ilikuwa na tope mpaka magotini, na kwenye magoti palikuwa na alama za mtu aliyepiga magoti. Alikaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Ndani, Sihaba alikuwa akipepeta mchele. Alipepeta muda mrefu kuliko mchele ule ulivyohitaji.

"Yalifika?" aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

"Yalifika."

"Yakamfunika?"

"Yakamfunika. Polepole. Nilikuwa naye."

Ungo ulisimama.

"Yalikuwa ya baridi?"

Vuai alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu anayetaka kusema kweli tupu safari hii.

"Hapana," alisema. "Vuguvugu. Yamepita topeni juani njia nzima."

Sihaba akaitika kwa kichwa. Kisha ungo ukamponyoka, mchele ukatawanyika sakafuni, naye akainama na kuanza kulia, kilio cha mtu mzima, kirefu, huku mikono yake ikizoa punje na kuziacha, ikizoa na kuziacha. Vuai aliinuka nusu, akakaa tena. Hakuingia.